Mrejesho: Miezi mitatu Cape Town kujifunza Kiingereza, kwa wenzangu wa mlimani

Mtoto wa Rau (Moshi), #1

Wakuu, habari za jioni.

Niliwahi kuomba ushauri humu kuhusu kwenda kusoma Kiingereza nje, nikaahidi kuleta mrejesho. Nimechelewa kwa sababu msimu ulinibana. Leo mvua imeshika tangu asubuhi huku Rau na sina safari, kwa hiyo kaeni niwasimulie.

Nianze na sababu iliyonipeleka. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 6, njia ya Machame zaidi na ya Marangu kidogo, halafu nikapanda kuwa kiongozi msaidizi. Kidato cha nne nimemaliza. Kiingereza cha kusoma ninacho na cha kuandika ninacho, ila cha kusikia sikuwa nacho. Usiku mmoja kambi ya Barafu, kama saa nne, kabla hatujaamsha watu kwenda kileleni, mgeni mmoja, mama wa makamo, alinifuata akaniambia maneno marefu kwa sauti ya chini. Ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na hanywi. Nikatabasamu, nikamwambia "yes, yes, pole pole". Nilichokamata ni neno "head" peke yake.

Tulipoanza kupanda hatukufika mbali, akawa anayumba kama mtu aliyelewa. Kiongozi mkuu akamgeuza palepale, tukamshusha, na kwa bahati alipata nafuu. Asubuhi akarudia yale maneno mbele ya kiongozi, naye akanitafsiria. Alikuwa ananiambia kwamba anaona vitu viwili viwili, anaogopa kupanda, na anaona aibu kusema mbele ya mume wake. Alinichagua mimi kwa sababu aliniamini, nami nikamjibu pole pole.

Sikuweza kulisahau hilo. Nikaanza kuweka akiba, tipu za misimu minne, nikauza na pikipiki.

Kwa nini Cape Town na si Uingereza? Pasipoti yetu inaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, na kozi fupi ya lugha inaingia humo humo. Nikachukua wiki 12, yaani siku 84, katikati ya Novemba hadi Februari. Nauli, ada, malazi na chakula vyote pamoja vilikaribia milioni 12 za kwetu. Nilikosa msimu wa Krismasi mlimani, na nilikosa Krismasi ya nyumbani. Wenye asili ya huku mnajua Mchaga kukosa kupanda nyumbani Desemba ni jambo zito. Mama yangu alinyamaza kwenye simu wiki nzima.

Darasani tulikuwa 11, Waangola wanne, Wabrazili watatu, Msaudi, Mturuki, Mswisi na mimi. Siku ya kwanza mtihani wa kupangiwa kiwango. Kwa maandishi nilipata B1, yaani kiwango cha kati, ukija kwenye kusikiliza nikaanguka. Wiki ya pili mwalimu aliniita baada ya kipindi akaniambia nina tabia moja itakayoniua: naitikia kwa kichwa hata nisipoelewa. Akanikataza kutikisa kichwa darasani. Akaniandikia kwenye kikadi vitu vitatu vya kusema badala yake: "Sorry, could you say that again?", "What do you mean by...?", na cha tatu "Do you mean...?" halafu urudie ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe. Alisema hicho cha tatu ndicho chenye nguvu, kwa sababu mtu anakusahihisha pale pale ulipokosea.

Nilikaa na kile kikadi nikiwaza. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema humkatishi kumwambia arudie. Mgeni ni kama mkubwa, amelipa, amechoka, unamheshimu. Kwa hiyo unaitikia. Miaka yote nilidhani tatizo langu ni misamiati, kumbe ni adabu niliyoipeleka mahali ambapo inamdhuru mtu. Nikiwakumbuka mapota wenzangu ninaowajua, wengi wetu tuko hivyo.

Sasa malazi. Wakala aliyenishughulikia aliniambia nitakaa na familia, dakika kumi kwa miguu hadi shule. Nikafika nikakuta ni Athlone, mbali kabisa na mjini, ni teksi za hiace kila siku. Wiki ya kwanza nilikasirika sana. Lakini zile hiace zilinifundisha. Konda wao anaitwa "gaatjie", ananing'inia mlangoni anapiga kelele "Mowbray, Kaap! Mowbray, Kaap!" sawasawa na wa kwetu wanavyoita Himo, Marangu. Nauli inapitishwa kutoka nyuma kwenda mbele mkono kwa mkono, na aliyekaa mbele ndiye anayepiga hesabu ya chenji. Nilikaa mbele kwa makusudi kila asubuhi. Hesabu za watu 14 kwa Kiingereza cha haraka kilichochanganywa na Kiafrikana, huku gari linakimbia, hazikupi muda wa kuona aibu.

Kiingereza chao kina mambo yake. Taa za barabarani ni "robot". Raba ni "takkies", pikapu ni "bakkie", na nyama choma ni "braai". Mtu akikuambia atakuja "just now" usitoke nje kumsubiri, maana yake ni baadaye, pengine jioni. Akisema "now now" ndiyo karibu kidogo. Ukijikwaa au ukisimulia msiba wanakuambia "Shame!" na hawakulaumu, ni pole yetu hii hii. Nilifurahi sana kuligundua hilo, kwa sababu siku zote nilikuwa nawaambia wageni "sorry" wakijikwaa nao wananijibu kwamba si kosa langu. Pale wanaelewa.

Mama mwenye nyumba ndiye alikuwa shule yangu ya pili. Alikuwa na miaka karibu 70, ananiita "my boy". Siku moja namsimulia habari za mama yangu, nasema "he" hivi na "he" vile. Akaweka kisu cha vitunguu chini, akaniuliza, huyu "he" ni nani? Kwetu yeye ni yeye, awe mwanamke awe mwanamume. Kuanzia siku hiyo kila nikikosea anagonga meza mara moja na hasemi kitu, anasubiri nijirekebishe.

Halafu ikaja tarehe 2 Januari. Kule inaitwa Tweede Nuwe Jaar, mwaka mpya wa pili. Zamani za utumwa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya watumwa, baada ya kuwahudumia mabwana kwenye mwaka mpya wa kwanza. Utumwa ulifutwa pale mwaka 1834, sherehe ikabaki mpaka leo. Vikundi vinaitwa Klopse, maelfu ya watu, nyuso zimepakwa rangi, suti za satini zinazong'aa, kila kikundi na rangi zake, miavuli midogo, banjo, matarumbeta, watoto wa miaka mitatu wamevaa kama baba zao. Tulitoka nyumbani alfajiri na viti vya kukunja ili tupate nafasi kandokando ya barabara. Jua la Desemba na Januari kule linazama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo ni siku ndefu.

Wana ngoma ndogo kama kipipa, mchezaji anaibana kwapani na kuipiga kwa mikono. Nikamuuliza mama mwenye nyumba inaitwaje. Akasema "ghoema". Nikamwambia kwetu tunaiita ngoma. Akanigeukia. Akaniambia wazee wao husema neno hilo lilitoka huko juu kwenu, pamoja na watu walioletwa kwa meli. Tukakaa kimya kidogo, kikundi kinapita.

Hapo ndipo akaanza kunisimulia. Alizaliwa District Six, mtaa uliokuwa pale pale karibu tulipokaa. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ikatangaza ni eneo la wazungu, watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa na nyumba zikavunjwa. Alinieleza jinsi baba yake alivyofagia sakafu asubuhi ya kuhama, akiisugua na nta kabisa, wakati tingatinga limesimama mtaa wa pili. Nilimkatisha mara nyingi. "Do you mean he cleaned it for the last time?" Akasema ndiyo, hakutaka waikute chafu. Nilipokuja kushtuka, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita na sikuwa nimekumbuka hata mara moja kwamba nazungumza Kiingereza.

Nitajibu maswali. Naomba kuwasilisha.

---

Dada wa Sakina (Arusha), #2

Kaka, hapo kwa baba kufagia sakafu nimesimama kusoma. Ahsante kwa kutuletea.

---

Kobe Mtulivu, #3

Mkuu hongera, ila niseme ukweli. Milioni 12 ni bodaboda nne mpya. Ungeweka barabarani hapo Moshi, jioni unapokea hesabu, Kiingereza unajifunzia kwenye simu bure. Tumesoma sekondari nzima kwa Kiingereza, leo tunalipa tena kufundishwa?

---

Mwl wa Pasua (Moshi), #4

Naomba nimjibu ndugu Kobe kama mwalimu wa sekondari mwaka wa 14 huu.

Ni kweli kuanzia kidato cha kwanza tunafundisha kwa Kiingereza. Lakini angalia mtoto anakitumiaje. Ananakili ubaoni, anakariri, anajibu karatasi. Darasa langu la kidato cha pili lina wanafunzi 70 na zaidi, kipindi ni dakika 40. Kila mtoto akisema nusu dakika, kipindi kimeisha. Kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza miaka minne na hajawahi kuulizwa swali na mtu anayesubiri jibu lake kwa hamu. Na akijaribu akakosea, wenzake wanamcheka. Nimejaribu kukomesha kicheko hicho miaka yote, na bado kipo.

Habari ya kikadi nimeichukua. Jumatatu naanza nayo darasani.

---

Mtoto wa Rau, #5

Kobe, kaka yangu, hesabu yako ni sahihi na nyumbani walinipigia hiyo hiyo. Simu nilijaribu, mwaka mzima, kila usiku. Simu haikukasirikii wala haikai mbele yako ikisubiri. Pia haina lafudhi ya Mskochi aliyeishiwa pumzi kwenye mita 4,600 na mdomo umekauka. Mimi nilihitaji watu. Kama kazi yako haihitaji hivyo, nunua bodaboda kwa roho safi.

Mwalimu, ubarikiwe. Wiki ya kwanza usiwape cha tatu, waanze na kile cha kuomba kurudiwa. Cha tatu kinahitaji kujiamini kidogo.

---

Binti Kaloleni (Arusha), #6

Mimi nilikwenda huko huko miezi miwili, nafanya kazi mapokezi hotelini. Yangu haikwenda vizuri na nataka wengine wajue.

Kwanza wakala, hapa hapa Arusha. Alichukua pesa ya malazi ya wiki 8, nilipofika shule wakaniambia wamepokea ya wiki 3. Simu hakupokea tena. Ushauri wangu, ada na malazi lipeni moja kwa moja kwa shule, mtumiwe barua na risiti yenye jina lenu kabla hamjakata tiketi.

Pili, baada ya pesa kuisha nikahamia kwa Watanzania wenzetu, kuna wengi pale mjini. Watu wa upendo mno, walinilisha bila kunidai kitu na siwezi kuwasema vibaya. Ila asubuhi Kiswahili, jioni Kiswahili, ugali, miziki ya nyumbani. Kiingereza changu kikawa ni cha saa nne za darasani tu. Nilirudi nikiwa na marafiki wapya, na mgeni wa kwanza alipopiga simu mapokezi mkono bado ulitetemeka. Kaka wa Rau, ile Athlone iliyokukasirisha ilikuokoa.

---

Mtoto wa Rau, #7

Dada, pole sana kwa hilo. Na wewe si peke yako, wanafunzi wawili Waangola waliumizwa na mtu wa aina hiyo kwao Luanda.

Umenikumbusha, kule darasani Waangola wanne walikaa pamoja na wakazungumza Kireno chao, wakawa wa mwisho kupanda kiwango. Yule Mturuki hakuwa na mtu wa lugha yake, akatupita wote.

---

Abuu Majengo (Moshi), #8

Sheikh, vipi upande wa chakula na swala? Mdogo wangu anafikiria kwenda lakini mama ana wasiwasi.

---

Mtoto wa Rau, #9

Ndugu yangu, mwambie mama aondoe hofu. Mimi ni Mlutheri lakini familia ya jirani yangu Athlone walikuwa Waislamu na chakula cha halali kimejaa mji mzima. Msikiti wa Auwal ulioko Bo-Kaap ulianza mwaka 1794, ndio wa kwanza nchi ile. Bo-Kaap ni mtaa wa mlimani wenye nyumba za rangi zote, watu wake wengi ni vizazi vya watumwa na wafungwa walioletwa kutoka upande wa Indonesia na kwingineko. Sambusa zao ni sambusa. Na kitu ambacho hata wewe utakipenda, Kiafrikana chao cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu madrasani, kama wazee wa pwani yetu walivyoandika Kiswahili.

Usiku wa Desemba 31 nilipelekwa pale. Kwaya za wanaume zinapita mitaani, na watu wameweka meza nje ya nyumba zimejaa keki na vitafunio kwa ajili ya waimbaji. Mtu asiyenijua alinijazia sahani. Hapo nilikosea jambo: wenzangu wa darasani nilikuwa nimewapa miadi ya kupanda Table Mountain kesho yake, nikawaambia tukutane "at one". Mimi kichwani ni saa moja asubuhi. Saa moja nimesimama peke yangu kituoni, upepo wa kusini-mashariki unanisukuma, wao walikuja saa saba mchana. Tangu hapo kila ninapomtajia mgeni saa namuonyesha na mkono wa saa. Mlimani tunaamsha watu saa tano usiku, na kuna wanaotumia dawa kwa saa maalumu.

Tulipanda siku nyingine, njia ya Platteklip. Kilele ni mita 1,086, yaani ni chini ya geti la Marangu, na watu wanaudharau kwa hilo. Lakini wingu linashuka kwa dakika chache, huoni miguu yako. Lilishuka. Wenzangu wakanigeukia bila mtu kusema kitu, nikawapanga mstari, nikawaambia kwa Kiingereza kila mmoja aguse begi la aliye mbele yake. Waliteremka salama wote.

---

Mzee wa Kiborloni, #10

Kijana, nimesoma yote. Nina binti amemaliza chuo, anataka kwenda. Nisaidie mambo mawili, karatasi na usalama. Tunasikia habari za wageni kupigwa kule.

---

Mtoto wa Rau, #11

Shikamoo mzee.

Karatasi: pasipoti iwe na muda wa kutosha zaidi ya siku ya kurudi na kurasa tupu, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya shule, anwani ya malazi, na ushahidi wa fedha. Mimi nilibeba na kadi ya homa ya manjano. Haruhusiwi kufanya kazi. Siku 90 azihesabu kuanzia siku anayogongewa muhuri, na asizidishe. Akizidisha chini ya siku 30 anafungiwa mwaka 1, akizidisha zaidi anafungiwa miaka 5.

Usalama sitakuficha mzee. Chuki dhidi ya wageni ipo, na vurugu za mwaka 2008 na 2015 ziliua watu. Miezi yangu mitatu sikuguswa, ila nilitukanwa mara mbili kwenye foleni. Wizi wa simu ni wa kila siku. Asitembee usiku peke yake, simu asiishike barabarani, na ahakikishe anaishi karibu na shule, si kama nilivyofanyiwa mimi. Bahari ni ya kutazama zaidi, maji ya upande wa Atlantiki ni baridi kama ya mto wetu Karanga mwezi wa saba. Akipata familia nzuri, nawe uongee nao kwa simu kabla hajaondoka, utalala.

---

Mzee wa Kiborloni, #12

Marahaba mwanangu. Nitamwonyesha asome mwenyewe.

---

Kijana wa Kibosho, #13

Kaka, mimi ni mpagazi mwaka wa pili. Milioni 12 sina na sitakuwa nazo karibuni. Yale maneno ya mgonjwa mlimani ndiyo nayahitaji. Naomba hata machache.

---

Mtoto wa Rau, #14

Mdogo wangu, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Hapa Moshi shirika la kutetea wapagazi, KPAP, limekuwa likitoa masomo ya Kiingereza bure kwa wapagazi. Nenda ofisini kwao uulize ratiba ya msimu huu. Anza hapo kabla ya kufikiria ndege.

Maneno: nilimwomba mwalimu wangu wa Cape Town anifundishe namna wagonjwa wanavyosema kweli, maana hawasemi kama kitabu. Mgeni hasemi "I am sick". Anasema "I feel a bit off", na hiyo "a bit" usiidharau, Waingereza wanapunguza uzito wa kila kitu. "Light-headed" na "dizzy" ni kizunguzungu. "Queasy" ni kichefuchefu kinachoanza. "My head is throbbing" ni kichwa kinagonga kwa mapigo. "I'm seeing double" ni lile nililolikosa mimi. Akisema "I'm fine" lakini amenyamaza tangu chakula cha mchana, mwulize jina la kambi ya jana. Akisita, usisubiri, mwite kiongozi.

Usimjibu "yes". Mwambie "Do you mean your head hurts more than before?" Hata kama Kiingereza chako kimevunjika, atakusahihisha na utakuwa umejua.

Daftari langu lina kurasa 40 za mambo haya. Nitalitoa nakala kesho, nitaliacha duka la vifaa vya shule pale karibu na soko la Mbuyuni, upande wa kushoto ukitokea stendi, mwambie dada umetumwa na mtoto wa Rau. Hakuna malipo. Alhamisi napanda mlima kwa njia ya Lemosho siku 8, mtandao wa huko wa kubahatisha. Ukikwama kwenye matamshi, andika swali hapa hapa, nikishuka geti la Mweka nitajibu kabla ya kuoga.